Wana-Lubumbashi, Tulinde Akili za Watoto na Wazee Wetu

Wakaaji wenzangu wa Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Ruashi, kutoka Kamalondo hadi Kampemba:

Mji huu ulizaliwa na shaba. Kiwanda cha kuyeyushia kilianza kutoa shaba mwaka 1911, na tangu hapo tumezoea kupima maisha yetu kwa tani: ngapi zimetoka, malori mangapi yamepanga mstari mpakani Kasumbalesa, bei imepanda au imeshuka. Leo nawaomba tupime kitu ambacho hakipandi lori: ubongo wa mtu wa Lubumbashi, tangu akiwa tumboni mwa mama yake hadi uzeeni. Unadhoofishwa na mambo ambayo baba au mama mmoja hawezi kuyaondoa peke yake, hata akijitahidi vipi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi nyote.

Tuanze na vumbi. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda walikutwa na kobalti mara 43 zaidi ya waliokaa mbali, na madini ya risasi mara 5. Hiyo risasi ndiyo adui wa ubongo anayejulikana kuliko wote. Inapunguza uwezo wa mtoto kujifunza, kutulia na kukumbuka, na kilichopotea hakirudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto mdogo, anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni, hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Kisha tazameni sahani. Katika nchi yetu, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa kukosa chakula cha kutosha. Unga wetu mwingi unatoka Zambia, na mpaka ukikaza kidogo, bukari inapungua na kitoweo kinatoweka kabisa. Mwili wa mtoto aliyepungukiwa chuma na kalsiamu hufyonza risasi nyingi zaidi. Kwa hiyo njaa inaifungulia risasi mlango, na vyote viwili vinakutana katika nyumba ileile: ile ya kodi nafuu, iliyo karibu na machimbo, ambako baba anarudi jioni na nguo za kazi zenye vumbi na mama mjamzito anatafuna pemba kutuliza kichefuchefu, wakati udongo wa namna hiyo umeonekana mara nyingi kuwa na risasi.

Maisha hayaishii utotoni. Mtoto yuleyule akishindwa darasani tunamwita mvivu. Masomo ya msingi yametangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini daftari, sare na njaa ya saa nne vinamtoa shuleni, naye anakwenda kuosha mawe au kuendesha pikipiki. Manseba wangapi wa pikipiki wanapita bila kofia ngumu? Wangapi wanamalizia siku kwa pombe ya lutuku? Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza akili uzeeni. Elimu ndogo imo, pigo la kichwani limo, pombe nyingi imo, shinikizo la damu limo, hewa chafu imo, upweke umo. Walikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa ingewezekana kuvizuia au kuvichelewesha. Na mzee wetu akianza kusahau majina na kutangatanga usiku, badala ya kumpeleka kwa daktari, wengine wanamwita mulozi, yaani mchawi. Huo ni ugonjwa, na kumtenga mgonjwa kunauzidisha.

Sisemi migodi ifungwe. Familia nyingi zinakula kwa jasho la mgodi. Tena mgodi ukifungwa bila kusafisha ardhi, sumu inabaki: Kabwe nchini Zambia, kwenye reli ileile iliyofika kwetu mwaka 1910, mgodi ulifungwa 1994, na hadi leo watoto wa huko wana risasi katika damu. Ninachosema ni kwamba utajiri unaotoka hapa una deni kwa vichwa vya watu wa hapa.

Wapo waliodai wakapata. Owino Uhuru, mtaa wa maskini Mombasa nchini Kenya, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia watu risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, aliungana na majirani. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaaji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya rufaa iliitengua, hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024.

Sisi tuna sheria mkononi. Kanuni ya Madini ya 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za mahali mgodi unapofanya kazi na asilimia 25 kwa jimbo. Tena inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Basi tudai mambo manne. Kwanza, kipimo cha risasi kwa wajawazito na watoto katika kila zoni ya afya iliyo karibu na viwanda. Pili, malori ya madini yafunikwe na barabara zinyunyiziwe maji. Tatu, mlo wa mchana wenye maharagwe na ndakala katika shule za mitaa hiyo. Nne, kupima shinikizo la damu bure kwa wazee kwenye vituo vya afya.

Na yaliyo mikononi mwetu tusiyangoje. Nguo za machimbo zibaki nje ya nyumba. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mikono ioshwe kabla ya kula. Mjamzito aache pemba, na manseba avae kofia. Makanisa, misikiti na likelemba za akina mama wawatembelee wazee walio peke yao.

Katika mkutano ujao wa kartiye yako, simama mbele ya shefu na bugumesta, uulize maswali mawili: pesa ya mrabaha wa mwaka huu imefanya nini, na watoto wetu watapimwa damu lini? Ukiuliza peke yako watakuambia ukae chini. Tukiuliza mtaa mzima, watalazimika kujibu.