Maneno si mapambo

Programu ya ujumbe iitwayo Pidgin, ambayo hadi 2007 ilijulikana kama Gaim, imechukua jina lake katika kamusi yetu sisi wanaisimu. Lakini hapa siizungumzii kwa sababu ya jina. Naizungumzia kwa jinsi inavyofungashwa.

Ndani yake kuna kiini kimoja, libpurple, kinachotuma na kupokea ujumbe. Juu yake kuna sura mbili za hiari: Pidgin yenyewe, yenye madirisha na picha za kubofya, na Finch, inayoandika maneno matupu kwenye skrini nyeusi. Katika Debian, mfumo wa jamii ya Unix, kila kimoja kina kifurushi chake. Mwenye kompyuta kuukuu huchukua kiini na Finch, basi. Kwetu Moba, mtu anaponunua megabaiti kwa kuzihesabu, mgawanyo huo ni wa kushukuriwa.

Ila tazama tafsiri zilipowekwa. Zimo katika pidgin-data, gunia moja na picha ndogo na sauti za kengele, na kiini hakikubali kuingia bila gunia hilo. Anayetaka Finch pekee anabebeshwa picha asizozihitaji, kwa kuwa ndimo maneno yalimo. Aliyepanga hivyo alitaka kurahisisha kazi, na kufungasha si kazi ndogo. Hata hivyo ameihesabu lugha kuwa pambo la sura. Nabisha. "Ujumbe haukufika" ni sentensi ileile dirishani na kwenye skrini nyeusi. Mahali pake ni karibu na kiini, mbali na kengele.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Orodha ya ISO 639-3 inatofautisha swh, Kiswahili cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo. Programu nyingi zenye Kiswahili hubeba faili moja tu, ya sw. Mtu wa Moba akiombwa "nywila" atauliza ni kitu gani. "Neno la siri" angelielewa bila mwalimu. Wenzangu wengine wanataka tutafsiri kila kitu upya, wengine wanataka tujifunze sanifu na kunyamaza. Wote wanakisahau chombo chenyewe. Gettext, inayosoma tafsiri hizi, hupokea lugha kwa zamu: sw_CD:sw:fr. Sentensi isiyopatikana katika Kiswahili cha Kongo huchukuliwa kutoka sw, ikikosekana na huko, Kifaransa. Basi faili yetu haina haja ya kurudia neno "ujumbe". Itabeba tunayotofautiana tu: kifurushi kidogo cha hiari, bila picha hata moja.

Kazi ngumu ni kuchagua, na hiyo ni yetu, si ya mafundi. Hifadhi ya CLDR, ambamo mifumo mingi huchota majina ya siku na miezi, iliwahi kuandika kwa Kiswahili cha Kongo "mwezi ya kwanja" na "mwezi ya munane". Najua walimu watakaokunja uso. Mimi ningeibakiza "mwezi ya", maana huo ndio upatanisho wa mazungumzo yetu, si kosa la mtu mmoja. "Kwanja" ningeiacha, kwani ni matamshi ya baadhi tu. Darasa la leksikografia lingeweza kubishania orodha kama hiyo muhula mzima, na likamaliza na faili mkononi.

Na mbele ya sw_CD, katika ile zamu, bado kuna nafasi. Kitabwa kina alama yake katika ISO: tap.