Plagi inunuliwe kwa namba, si kwa macho

Mkulima wa bustani wa Cheyo, katika Manispaa ya Tabora, pampu yake ya petroli ikigoma kuwaka huchomoa plagi, huitia mfukoni na kwenda nayo dukani. "Nipe kama hii." Muuzaji hulinganisha kwa macho, hupokea fedha, na biashara imekwisha. Hakuna anayejiuliza kama hiyo ya mfukoni ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Plagi mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja bila ubishi, kumbe moja ni ndefu kuliko nyingine kwa zaidi ya milimita 6.

Chukua BPR6ES ya NGK, inayotumika kwenye pampu zenye injini ya Honda GX160. B ni unene wa nyuzi, milimita 14. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Ingekuwa H, urefu ungekuwa milimita 12.7. Ndefu ikifungwa mahali pa fupi, pistoni inaweza kuigonga. Fupi ikifungwa mahali pa ndefu, masizi hujaa kwenye nyuzi zilizobaki wazi ndani ya silinda hedi, na siku plagi sahihi inapoletwa haiingii vizuri. Fundi akilazimisha kwa spana, nyuzi zimekwenda.

Tarakimu 6 ni ya joto, na hapa hata mafundi wazoefu hujichanganya. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi huwa "baridi" zaidi, yaani hupoteza joto haraka. Kwa Champion na Bosch ni kinyume. Anayebadili chapa huku akishikilia namba ileile anacheza pata potea. Plagi ya moto mno, kwenye pampu inayovuta maji mchana kutwa katika jua la Septemba, inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati na hatimaye kutoboa pistoni.

Wenye pikipiki nao wamo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi pwani. Leo gunia la mahindi na ndoo ya asali huja mjini kwa bodaboda. Pikipiki za mtindo wa Honda CG125 hutumia D8EA, yenye nyuzi za milimita 12. Nyingi ndogo za cc 100 na 110 hutumia C7HSA, ya milimita 10. Kusema tu "plagi ya pikipiki" hakutoshi.

Hata hivyo, si kila kosa ni la plagi. Ikitoka nyeusi na kavu, chujio la hewa liangaliwe kwanza, maana vumbi la kiangazi huliziba. Ikiwa imelowa oili, huenda ringi zimechoka. Rangi ya kahawia hafifu ni ya injini yenye afya, na hiyo haina haja ya msasa wala ya kubadilishwa kwa sababu fundi kasema.

Wauzaji wasikwepe lawama. Anayeuza vipuri aandike namba ya plagi kwenye risiti, ili mteja aliyepewa ya bandia au isiyo yake awe na kitu cha kurudi nacho. Mwenye pampu naye aitafute namba kwenye kitabu cha injini, aiandike kwa rangi kwenye tangi, asome hapo kabla ya kwenda dukani.