Chumba cha Giza na Kisima cha Msikiti



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita mama mmoja mjane wa hapa Kilwa Masoko alituletea shauri. Marehemu mumewe, aliyekuwa mpiga picha, aliacha kopo la negativi: harusi, maulidi, na wazee ambao wengi wametangulia mbele ya haki. Kijana wake anataka kuzisafisha picha hizo nyumbani. Mashine ya kukuzia ya baba yake ipo. Vyombo vya dawa havipo. Mama ametenga fedha za ufuta, na kijana amekwishaona tangi la mtumba lenye hita. Tuliulizwa sisi kwa kuwa chumba chao kinapakana na kisima cha msikiti.

Katika hukumu ya picha wanazuoni wamehitilafiana, nasi hatuingii huko leo. Linalotuhusu hapa ni mali ya mjane na haki ya jirani.

Vyombo hivyo ni vya namna tatu. Mabeseni bapa hupangwa mfululizo: dawa ya kutoa picha, ya kusimamisha, ya kukaza, kisha maji. Ni rahisi, na picha huonekana ikijitokeza chini ya taa nyekundu. Ila kila beseni hutaka kama lita moja ya dawa, nayo huharibika upesi ikikaa wazi. Pipa dogo la kuzungusha hutosheka na dawa kidogo sana, lakini husafisha picha moja moja na sharti likaushwe kila mara. Tangi la wima huokoa nafasi na hutunza dawa muda mrefu, lakini bei yake ni kubwa.

Ama hita, hiyo ni haja ya nchi za baridi. Dawa hizi hutumika kwenye nyuzijoto 20, na chumba cha pwani yetu hufika 30. Haja yetu ni kupoza, na chupa ya barafu ndani ya maji yanayozunguka beseni hutosha. Tulimshauri anunue mabeseni manne ya plastiki, dawa airudishe chupani kila amalizapo kazi, na vyombo hivyo visiingie jikoni kamwe.

Kisha maji. Karatasi ya kawaida ya picha huoshwa hata saa nzima kwa maji yanayotiririka. Iliyopakwa plastiki huoshwa dakika chache tu. Sisi tuliokatazwa israfu hata katika udhu, uchaguzi wetu ni mwepesi.

Mwisho, masalio. Dawa ya kukazia iliyokwisha kutumika hubeba madini ya fedha, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Tuliwekeana sharti: ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko na alama, mbali na watoto, na tone lisimwagwe karibu na kisima. Kijana aliridhia bila kinyongo.

Ijumaa iliyopita alituonesha picha ya kwanza: wazee sita barazani. Watatu tuliwatambua. Majina ya watatu waliosalia hatukuyapata kwa yeyote kamatini. Picha ipo kwa mama yake. Mwenye mzee nyumbani ampeleke akaitazame, maadamu yu hai.

Wabillahi tawfiq.