Usukani na Amri ya Tano

Kijana atakaye kuwa seremala huwekwa kwanza chini ya fundi, ashike randa na msumeno mpaka mkono wake uzoee. Lakini motokari, yenye uzito wa kilo elfu na zaidi, twaiona ikitiwa mikononi mwa mtu aliyejifunza siku tatu tu, na permi yake imepatikana kwa bahasha, si kwa mtihani. Je, hiyo ni akili?

Tupige hesabu, nanyi wanafunzi mwijaribu ubaoni. Motokari iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kwa kila sekunde. Dereva mwangalifu akimwona mtoto akivuka mbio, sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujakanyaga breki: meta 17 zimekwisha, na mwendo haujapungua hata kidogo. Naye atazamaye telefoni yake kwa sekunde mbili amekwenda meta 33 kama kipofu. Tena, mwendo ukiwa maradufu, nafasi ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Mambo hayo hakuna azaliwaye akiyajua, hufundishwa.

Hapa Kongo twafuata upande wa kuume wa barabara. Zambia, Tanzania na Uganda hufuata wa kushoto. Kwa hiyo dereva mwenye usukani wa kuume, akitaka kulipita lori, haoni mbele mpaka aitoe motokari yake katikati ya barabara. Huyo apaswa kuwa mvumilivu kuliko wenzake.

Wengine husema: «Siku ya mtu ikifika, imefika. Tena ninayo medali ya Mtakatifu Kristofori.» Twajibu: Medali yatukumbusha kusali, si breki. Ajitiaye hatarini kwa uzembe, akingoja Mungu amwokoe, anamjaribu Mungu. Mwaka 2007 Baraza la Papa lililowaangalia wahamaji na wasafiri lilitoa maagizo juu ya uchungaji wa barabarani, ndani yake mna amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile tuliyofundishwa katika katekismu kuwa ya tano, ikatazayo kuua. Ya nne yatuamuru kumsaidia jirani, hasa aliyepatwa na ajali.

Basi, enyi wazazi, mtoto wenu akitaka kuwa dereva, mlipieni mafundisho kabla ya kumtafutia kazi. Nanyi abiria, msimsifu dereva kwa mbio zake, maana asifuye kosa hushiriki kosa. Mwambieni kwa heshima: «Baba, tafadhali, weka kwanza telefoni, tuna watoto humu.» Neno hilo si tusi, ni upendo.

Nanyi madereva, kila asubuhi fanyeni ishara ya msalaba, kisha mtazame matairi, breki na taa. Sala na kazi huenda pamoja.