Kahawa ya Kyerwa katika hesabu za Uganda

Kila msimu, sehemu ya kahawa ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, huvuka Mto Kagera kwa magendo kwenda Uganda, na kila msimu husemwa kwamba taifa limepata hasara. Kauli hiyo inachanganya hesabu tatu.

Pato la taifa hupimwa kwa kilichozalishwa ndani ya mipaka, popote kitakapouzwa. Gunia la maganda lililochumwa Kaisho ni zao la Tanzania hata likivushwa usiku Murongo. Kasoro iko kwenye kumbukumbu: kahawa isiyopita chama cha msingi wala mnadani ni rahisi kuachwa nje ya takwimu, na ikikobolewa ng'ambo huuzwa duniani kama ya Uganda. Kwenye fedha za kigeni hasara ni ya kweli, kwa kuwa dola za mnunuzi huishia benki za Kampala, ingawa malipo ya mkulima hurudi nyumbani na kutumika madukani Nkwenda na Omurushaka. Anayekosa kabisa ni halmashauri: ushuru wa mazao ya biashara, ulioshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, haukusanywi porini.

Uganda ilivunja ukiritimba wa bodi yake ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania, mwaka 2018, iliagiza kahawa iuzwe kupitia ushirika. Mkulima aliye katikati hulinganisha bei baada ya makato, na siku ya kulipwa. Ada ya shule haisubiri malipo ya pili ya ushirika.

Ndipo butura inapoingia, yaani kuuza kahawa ingali maua. Chukulia mkulima anapewa shilingi 50,000 mwezi Februari kwa gunia litakalofika 100,000 mwezi Julai. Amekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano. Hakuna benki inayothubutu kutangaza riba hiyo. Kupiga marufuku butura bila mkopo mbadala ni kumfungia mwenye shida mlango pekee aliokuwa nao.

Doria nazo zina bei. Mlanguzi anayehofia kukamatwa hufidia hatari hiyo kwa kumpunja mkulima. Mnada wa karibu unaolipa haraka hupunguza tamaa ya kuvuka mto, lakini hauigusi butura, kwa sababu deni lake huanza miezi kadhaa kabla ya mnada kufunguliwa.