Tusiidharau riwaya ya upelelezi

Mwanafunzi akikutwa na riwaya ya upelelezi darasani, aghalabu hunyang'anywa. Wahakiki nao huiita fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni dosari. Naona tunakosea.

Tuitazame Tanzania. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitwaa tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko kama Sherlock Holmes, na kwa hiyo wapo waliomwona kuwa mwigo mtupu. La hasha! Maiti inakutwa mzimuni, watu wameingiwa na hofu ya wahenga, naye anautafuta mkono wa binadamu. Huko ni kufundisha kudadisi.

Mwaka 1965, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, ambamo jina lenyewe laifungamanisha mauti na chombo cha maisha mapya ya mjini. Kisha Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), akamleta Willy Gamba, jasusi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Hiyo haikuwa njozi tu: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963.

Tukizipanga riwaya hizi tatu kwa miaka yake, tunaona jinsi hofu za jamii zilivyobadilika: kwanza mizimu, kisha mji, hatimaye adui wa taifa. Ni historia isiyopatikana kwa wepesi katika vitabu vya tarehe. Aidha, msomaji wa Abdulla hujipatia Kiswahili cha Unguja, chenye mizaha na hoja zilizopangwa, bila kuchapwa fimbo.

Sikatai kwamba vipo vitabu vya aina hii vinavyomfanya mwanamke pambo na ngumi kuwa hoja. Hata hivyo, dawa yake ni kumfunza kijana kusoma kwa jicho kali, wala si kumpokonya kitabu.

Basi, mwalimu mwenzangu, kabla hujakifungia kabatini, mwulize mwanafunzi wako: umemjuaje muuaji? Akikujibu kwa ushahidi, somo limekwisha kuingia.