Kufuli Liwe juu ya Jalada, si juu ya Mlango

Tangu zamani siri za ofisi zimelindwa kwa mlango. Majalada hupangwa katika masjala, mlango hutiwa kufuli, na ufunguo hukabidhiwa karani. Mtindo huu una kasoro moja ambayo kompyuta haikuiondoa, bali mara nyingi imeikuza: aupitaye mlango huyaona yote yaliyomo. Neno la siri humzuia mgeni asiingie, lakini msimamizi wa mtambo, au mwizi aliyenakili ghala zima la majalada, aweza kuyasoma kama yalivyo iwapo hayakufungwa moja moja.

Jambo hilo si dogo kwa mahali kama Chitete, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Wilaya hiyo hupakana na Zambia, na katika mji wake wa Tunduma hupita barabara kuu na reli ya TAZARA. Watu husafiri, na habari za matibabu yao hazina budi kuwafuata. Na ichukuliwe kwamba mkulima wa Chitete ameanza kutumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Pale ambapo watu hujuana kwa majina na kwa ukoo, jalada lake likisomwa na asiyehusika, habari yaweza kufika nyumbani kabla yake mwenyewe. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu UKIMWI yataka matokeo ya vipimo yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka kila akusanyaye taarifa za watu azilinde. Lakini sheria huadhibu baada ya kosa. Haiwezi kulifumba jicho lililokwisha kusoma. Na mgonjwa aliyeiona siri yake ikienea aweza kuiacha dawa.

Hesabu zaweza kusaidia mahali sheria inapokoma. Kusimba maandishi ni kuyageuza kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Kwa desturi, fumbo hufungwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana. Mwaka 2005 Amit Sahai na Brent Waters walieleza msingi wa njia nyingine, na mwaka 2007 wao pamoja na John Bethencourt walionyesha namna ya kulifunga jalada kwa sharti, si kwa jina. Sharti laweza kuwa “tabibu NA Chitete”. Kila mfanyakazi hupewa ufunguo uliotengenezwa kwa sifa zake: kazi yake, kituo chake, idara yake. Sifa zikilitimiza sharti, jalada hufunguka. Zisipolitimiza, hubaki fumbo, hata kama mtu huyo ndiye mlinzi wa ghala lenyewe.

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kuchora mstari mnyofu aweza kuuelewa msingi wa jambo hili. Siri na iwe namba 7, na mstari uwe y = 3x + 7. Sifa ya utabibu ipewe nukta (1, 10), na sifa ya Chitete ipewe nukta (2, 13). Mwenye nukta zote mbili atauchora mstari na kuona kwamba unaukata mhimili wa y penye 7. Mwenye nukta moja tu aweza kupitisha hapo mistari isiyo na idadi, nayo huukata mhimili mahali mbalimbali, siri haijui. Njia hii ya kugawa siri ilielezwa na Adi Shamir mwaka 1979. Katika matumizi halisi namba huwa kubwa mno, na nukta zenyewe hufichwa.

Mwanafunzi makini atauliza: je, tabibu wa Tunduma na mfagizi wa Chitete wakiunganisha funguo zao, hawatalitimiza sharti? Hawataweza. Kila ufunguo huchanganywa na namba ya kubahatisha iliyo ya mwenyewe peke yake, kwa hiyo vipande vya funguo mbili havioani.

Kwa sababu hizo, majalada ya afya yapaswa kuwa ya kwanza kufungwa kwa njia hii. Hata hivyo, yafaa mapungufu yake yaelezwe wazi. Kwanza, atengenezaye funguo zote aweza kufungua majalada yote. Hapana budi mamlaka hayo yagawanywe kwa ofisi zaidi ya moja, na njia za kufanya hivyo zimekwisha kubuniwa. Pili, mfanyakazi akihamishwa huenda na ufunguo wake. Dawa mojawapo ni kutoa funguo zenye muda maalumu na kuzifanya upya. Tatu, mgonjwa mahututi aweza kufikishwa usiku katika hospitali ya mbali. Kwa hiyo sharti liandikwe mapema likiwa na “AU daktari wa zamu ya dharura”, na kila ufunguzi wa namna hiyo uandikwe daftarini.

Pungufu la nne Momba inalijua kwa historia yake. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Jalada ambalo lingefungwa mwaka 2015 kwa sharti la “mkoa wa Mbeya” lingeweza kuwafungia nje watumishi halali wa Songwe mwaka uliofuata. Ramani hubadilika kuliko kazi. Sifa zifaazo zaidi ni zile zinazoeleza wajibu wa mtu kwa mgonjwa.

Aidha, kufuli hili halizibi mdomo. Tabibu aliyeruhusiwa kusoma aweza bado kusema, na hapo uaminifu na sheria ndivyo vyenye kazi. Lakini ni afadhali kuwa na wachache wa kuaminiwa, wanaojulikana kwa wajibu wao, kuliko kumwamini kila aliyepita mlangoni.

Ugumu mkubwa basi hauko katika hesabu. Uko katika kuamua nani anastahili kusoma nini, na kuliandika sharti hilo bila utata. Kazi hiyo yaweza kuanza darasani bila kompyuta yoyote. Mwalimu awape wanafunzi majalada matatu ya shule: la alama, la adhabu na la magonjwa. Kila kundi liandike sharti la kila jalada kwa maneno NA na AU, kisha kundi jingine litafute asiyestahili aliyepenya na anayestahili aliyefungiwa nje. Watagundua upesi kwamba kuliandika sharti la haki ni kazi ngumu kuliko kulichora kufuli.